Faili Mbili na Nyavu Moja

Kinywa ya Yolande njo ilianzisha mambo yote.

Asubuhi ile, ku kibandari kimoja karibu na Kashikishi, upande wa Zambia wa ziwa Mweru, batu balizunguka nyavu ya kaka yake Lévi kama vile banazunguka maiti. Nyavu ya samaki mpale, uzi ya nguvu, Lévi aliishona mwenyewe masika yote, vidole mupaka inatoka damu. Sasa ilikuwa inalala mu muchanga, na ba Jairos, chairman ya komite ya bandari, alikuwa anaisha kukata maneno: saa sita inachomwa. Lévi alitega pa fasi ya kukatazwa, fasi ile mpale inazalia. Mwisho.

— Mwisho gani? Lévi alikuwa analalamika. Ba chairman, sheria yangu haisemi vile! Niko nayo hapa mu telefone!

— Na miye niko nayo hapa mu telefone, mukwai, ba Jairos alimujibu na ile heshima ya Kibemba. Ya kwangu inasema pale hakuna kutega.

— Basi ya kwako balibadilisha.

— Ya kwako njo balibadilisha. Ninyi vijana ya kule ngambo munajua sana telefone.

Mambo ilikuwa vile. Sheria za bandari balizipatana mwaka huu, na kwa batu ya Kongo bakaziandika mu Kiswahili, zikapita telefone ku telefone. Ndefu! Ndefu kama barabara ya Lusaka. Hakuna mutu alikuwa na roho ya kuzisoma tangu juu mupaka chini. Sasa kila mutu anashika telefone yake juu kama padri anashika kikombe, anaapa ya kwake njo ya kweli. Lakini kusoma? Hapana.

Hapo njo Yolande akapita mu katikati ya batu, telefone mu mukono, akasema na sauti kubwa kuliko vile alitaka:

— Ba chairman, munipe dakika tano tu. Miye niko na kode, programu niliandika mwenyewe. Tunaweka faili yako na faili ya Lévi mule ndani, inatuonyesha nani aligusa nini.

Dakika tano! Mungu yangu.

Lakini umuelewe pia. Yolande alifika hapa mutoto, na mutumbwi, mwaka ule wa 2017, wakakaa kwanza Kenani, kambi ya kupokelea wakimbizi, kisha bakapata shamba ku kambi ya Mantapala. Kode alijifunza yeye peke yake, pembeni ya mihogo ya mama yake, na telefone yenye kioo ya kupasuka, masomo ya bure ile alikuwa anapakua usiku wakati reseau ya simu iko na huruma. Tangu anajifunza hakuna hata mutu moja alimuuliza: Yolande, ile kitu inasaidia nini? Leo kwa mara ya kwanza kode inaweza kusaidia. Na ni nyavu ya kaka yake! Kama inachomwa, Lévi anarudi kuvuta kasia mu mitumbwi ya batu bengine, kama mwaka uliopita, anatoka ziwani mugongo wote moto na mukononi anashika samaki mbili za huruma.

Ba Jairos alimuangalia kutoka juu mupaka chini.

— Iko na kode, alisema. Haya. Batu bote munasikia? Kama mashini ya huyu binti inaonyesha Lévi hakubadilisha kitu, anabeba nyavu yake, tunaachana. Kama inaonyesha alibadilisha, ninachoma, na sitaki makelele.

— Ninakubali, Yolande alisema.

— Weye unakubali juu ya nyavu ya nani? Lévi alimuvuta kwa mukono, akamusemea mu sikio. Mudogo, uko na uhakika?

— Yaya, kaka yangu, nilisha kufanya hii mara mingi.

Mara mingi ilikuwa mara mbili, tena na faili za mistari sita sita. Lakini ile hakusema.

Balituma faili mbili ku telefone yake. Akafungua programu, akaweka majina ya faili, akagonga. Batu balimukaribia mupaka akasikia pumzi ya mutu nyuma ya shingo. Na kioo kikaanza kuteremuka:

TOFAUTI. TOFAUTI. TOFAUTI. TOFAUTI. TOFAUTI.

Iliteremuka, ikateremuka. Yolande akatazama macho wazi. TOFAUTI mupaka chini! Fasi moja tu iliandikwa SAWA, na pale ilikuwa mustari ya tupu, haina hata neno.

— Mwebantu, ninyi batu! Goodson alipiga makofi. Goodson njo alikamata nyavu, kijana ya komite, kinywa yake haifungwe hata akilala. Huyu hakubadilisha sheria, huyu aliandika Agano Jipya yake mwenyewe!

Batu bakacheka. Mama moja akasema mu Kibemba kitu kimoja juu ya batu ya kambi, Yolande akajifanya hasikie. Lévi alikuwa anasimama tu, mikono mu kiuno.

— Mudogo, alisema polepole, na ile polepole ilikuwa mubaya kuliko matusi. Uliniuza.

— Yaya, ngoja.

— Uliniuza na kode!

— Ngoja, nilikuambia ngoja! Hii haiwezekane. Mistari yote? Weye unajua kuandika mistari yote ile? Weye hata salamu ya Noeli unakopi kwa batu!

— Mashini ilisema, ba Jairos alikata. Weye mwenyewe ulikubali.

— Ba chairman, mashini haikusema uongo, lakini niliiuliza ulizo ya bupumbafu. Muniache niangalie. Nakuomba. Saa sita haiyafika.

Ba Jairos akatazama jua, akatazama nyavu, akakaa pa ukingo ya mutumbwi.

— Angalia. Saa sita iko saa sita.

Yolande akafungua faili mbili mwenyewe, na macho yake, kama mutu. Faili ya ba Jairos inaanza: «Sheria za bandari yetu.» Faili ya Lévi inaanza:

«Bwana Yesu asifiwe sana, baba wa mbinguni tunakushukuru kwa ajili ya huyu mutu atasoma hii, umulinde mu maji na mu inchi kavu.»

Kisha tu, mustari ya pili: «Sheria za bandari yetu.»

Akafunga macho. Akafungua tena. Maombi ilikuwa ingali pale.

Kode yake ilikuwa inachukua mustari ya kwanza ya huku, inaitazamisha na mustari ya kwanza ya kule. Ya pili na ya pili. Ya tatu na ya tatu. Ile kazi ni kama line ya unga kule Kenani. Batu banapanga muzuri, kila mutu anajua iko nyuma ya nani. Mama moja anafika na mutoto mugongoni, anaingilia mbele kabisa. Basi, line yote inarudi nyuma mutu moja. Hakuna mutu alibadilika sura, hakuna mutu alikufa, lakini kama unahesabu na namba, kila mutu iko pa fasi ya mwenzake, na unasema: eh, hii line siijui!

— Nani alikutumia hii faili? aliuliza Lévi.

— Mama.

— Bien sûr, Yolande alisema. Bila shaka ni mama!

Akatoa ile mustari ya maombi, akagonga tena. SAWA. SAWA. SAWA. SAWA. Akageuzia telefone kwa ba Jairos: munaona? munaona? Na wakati ile ile, mbele ya macho ya ba Jairos, kioo ikaandika TOFAUTI. Na ingine. Na ingine. Kutoka pale katikati mupaka mwisho, yote TOFAUTI.

— Ah, Goodson alisema, tunaelewa. Alibadilisha nusu tu. Mutu ya Mungu, huyo.

— Goodson, funga ile kinywa, samaki itaingia! Yolande alipiga kelele.

Katikati ya faili, kama mwiba mu koo: «Amina.» Chini yake: «Bwana Yesu asifiwe sana, baba wa mbinguni.» Maombi yote, mara ya pili, mupaka maji na inchi kavu. Akaelewa. Sheria ilikuwa ndefu, mama alituma mu vipande viwili, Lévi akaviunga pamoja. Na mama yake, mama Laurentine, shemasi ya kanisa, hawezi kutuma kipande bila kukiombea.

Hapo njo Yolande alikataa kuendelea kutoa mustari moja moja. Angetoa hii, kesho angekuta ingine. Hapana. Anataka kode yenye akili. Kode ile haiulize «mustari ya kumi iko sawa na ya kumi?» lakini inauliza: ni mistari kidogo namna gani, kidogo kabisa ya kidogo, mutu anaweza kutoa ao kuongeza, juu faili moja ikuwe sawa na ingine? Ile njo tofauti ya kweli. Ingine yote ni kelele.

Alisoma ile kitu siku moja, hakuielewa muzuri. Akakaa chini mu muchanga, mugongo ku mutumbwi, akaanza kuandika.

Mu kichwa yake aliiona vile: shamba ya matuta. Mistari ya Lévi inapangwa kushuka, mistari ya ba Jairos inapangwa kuenda upande. Unaanza pembe ya juu, unataka kufika pembe ya chini. Kama mistari mbili zinakutana na zinafanana, unakata kati, pembe kwa pembe, unapita bila kitu. Kama hazifanane, unashuka ao unaenda upande, lakini unaokota jiwe moja mu mufuko. Njia iko mingi sana. Weye unatafuta ile ya kufika na mawe kidogo kuliko zote. Mawe ile njo tofauti. Tamu! Mu kichwa ilikuwa tamu sana.

Mu telefone ilikuwa musiba. Klavie ya kuandikia ilikuwa ya Kifaransa, anaandika «else», neno ya kode, telefone inabadilisha «elle». Anafuta, anaandika tena «else», telefone inaweka «elle», na heshima yote, kama mwalimu. Anagonga, programu inaandika mu nyekundu: kosa. Anasawazisha. Kosa. Anahesabia kutoka moja wakati inapashwa kutoka ziro. Kosa. Jua inapanda, jasho inaanguka pa kioo, na pa fasi jasho inaanguka kioo inajigonga yenyewe.

— Binti, ba Jairos aliuliza kutoka juu ya mutumbwi, dakika tano ya kwenu ku Kongo iko ngapi?

— Ba chairman, mukwai, kama munaongea ninaandika ile munasema.

Mwishowe nyekundu haikuonekana. Programu ikaanza kutembea. Polepole, telefone ndogo, inajaza shamba yake tuta kwa tuta. Na telefone ikalia.

MAMA.

Kila simu inaingia, programu inakufa. Telefone yake ilikuwa vile, haiwezi kubeba mambo mbili. Ikakufa.

— Allo mama!

— Yolande, mutoto yangu, balisha kuchoma?

— Bado mama, niko mu kazi, nitakupigia—

— Tuombe. Baba wa mbinguni, tunaweka nyavu ya Lévi mu mikono yako—

— Mama! Mama, hapana sasa!

— Hapana sasa? Mungu iko na saa ya kufunga kama biro ya serikali?

Yolande akangoja mupaka Amina. Aliogopa kukata, mama Laurentine anaweza kuanza tena kutoka mwanzo. Kisha akagonga programu upya. Ikaanza kujaza shamba. Ikafika fasi fulani. Telefone ikalia.

MAMA.

— Mama, ninakuomba na magoti yangu yote mbili, usinipigie!

— Unamusemea nani vile? Miye nilikubeba mugongoni mu ile mutumbwi, maji inaingia mupaka hapa, unanisemea «usinipigie»? Nilisahau kuombea yule chairman, awe na roho laini.

— Mama, sikia. Ile sheria ulimutumia Lévi, uliongeza maombi?

Mama akakasirika.

— Sasa nitume kitu kwa mutoto yangu bila maombi? Miye pagani?

— Mara mbili?

— Vipande vilikuwa viwili.

— Na kitu ingine? Mama, kumbuka muzuri. Uligusa neno ingine mule? Hata moja?

— Niguse maneno ya serikali? Yolande, unaniona miye mwizi?

Ba Jairos alisikia yote; sauti ya mama Laurentine haihitaji speaker. Alikuwa anauma meno juu asicheke. Goodson yeye hakuuma.

Mara ya tatu Yolande aliweka telefone mu hali ya ndege, ile kitu angefanya tangu mwanzo kama alikuwa na akili, akagonga. Batu balikuwa balirudi kuzunguka, hata bamama ile walikuwa banaanika chisense, vile visamaki vidogo, waliacha chisense. Kioo ikangojesha, ikangojesha, ikaandika:

Maombi, juu: imeongezwa. Amina, katikati: imeongezwa. Maombi, katikati: imeongezwa. Amina, chini: imeongezwa.

Na chini yake: ingine hakuna.

— Hakuna! Yolande aliruka. Ba chairman, hakuna! Mawe ine tu, na yote ine ni mama! Sheria ni ile ile, mustari kwa mustari, hakuna mutu alibadilisha neno! Yaya Lévi, beba nyavu yako!

Lévi alimukamata akamuinua juu, akamuzungusha. Bamama bakapiga vigelegele. Alitaka kulia, Yolande, alitaka kuandikia mutu mwenye alitunga ile masomo ya bure, popote iko, amuambie.

— Ngojeni, ba Jairos alisema.

Alishuka pa mutumbwi, akapangusa suruali.

— Binti, kode yako iko muzuri sana. Ninakubali. Faili ya Lévi na ya kwangu ni moja. Sindiyo?

— Ndiyo, ba chairman!

— Basi na ya kwake inamukataza pale. Vile vile kama ya kwangu. Alikuwa na sheria mu mufuko, akatega. Goodson, leta petroli.

Lévi alimuachilia Yolande, akarudi nyuma hatua moja, akamuangalia kama mutu anaangalia mbwa yake imemuuma.

— Lakini tulipatana! Yolande alisema. Kama hakubadilisha, anabeba!

— Tulipatana juu ya kubadilisha, juu alisema ya kwake inaruhusu. Haikuruhusu. Sasa ni uongo pia.

— Miye siseme uongo! Lévi alilia. Sheria inaruhusu!

— Sheria gani inaruhusu, na binti yenu anaisha kusema ni moja!

Goodson hakungoja. Dumu ilikuwa karibu, akaimwagia nyavu, harufu ikapanda pua ya kila mutu. Kisha akaanza kujipapasa mufuko: kiberiti iko wapi? Akauliza huyu, akauliza yule. Na mu ile dakika ya kiberiti Yolande akafanya kitu ile hakuna mutu alifanya tangu asubuhi, hata yeye, hata kode yake. Alisoma. Akashusha kidole mupaka pa mustari ya kukataza, akaisoma na sauti kubwa:

— «Hakuna mutu atatega nyavu tangu kwa Mubanga mupaka ku mudomo ya kamuto.» Hii njo mustari. Yaya, ulitega wapi?

— Mbele ya kwa Mubanga! Inje! Hata haikukaribia!

— Ndani! ba Jairos alisema. Ndani kabisa, miye mwenyewe niliona maboya!

— Inje! Kwa Mubanga iko kule!

— Kwa Mubanga iko KULE!

Na vidole vyao viwili vikanyooka. Kidole ya Lévi ikaonyesha upande wa kamuto, ule muto mudogo, pa nyumba ya bati mupya, juu ya kilima kidogo. Kidole ya ba Jairos ikaonyesha upande ule mwengine, mbali, pa matete, fasi nguzo mbili zilikuwa zinasimama mu maji na ndege juu yake.

Yolande akaangalia kidole moja. Akaangalia ingine.

— Mungu yangu, alisema. Mungu yangu, Mungu yangu. Goodson! Ukiwasha ile moto nitakutia mule mule ndani!

Kwa batu ya hapa, fasi inachukua jina ya mutu mwenye kukaa pale, na mutu akihama jina inabakia. Maji ya Mweru ilipanda, ikaingia mu nyumba ya Mubanga, akahama kilimani. Ba Jairos na wenzake wakaendelea kuita pale pa matete «kwa Mubanga», kama tangu zamani. Lakini Lévi na batu ya Kongo balimukuta Mubanga kilimani. Kwao kwa Mubanga ni pale Mubanga anaanika kaptula yake. Katikati ya fasi zile mbili, pale pale katikati, njo Lévi alitega.

Hakuna kode mu dunia ingepata ile tofauti. Haikuwa mu faili.

— Mupigie, Yolande alisema. Ba chairman, mupigie Mubanga mwenyewe, na speaker.

Ba Jairos alipiga, uso wa mutu anapelekwa kwa dentiste kungolewa jino.

— Ba Mubanga, mukwai. Muko wapi?

— Niko kwangu, sauti ya muzee ilijibu.

— Kwenu wapi?

— Ba Jairos, munalewa na jua hii? Kwangu ni kwangu.

— Ninauliza, kwenu ni pa matete ao kilimani?

— Pa matete? Pa matete sasa kambale njo iko baba mwenye nyumba! Siku munatafuta supu yangu hamupotee njia, leo njo munapotea?

Batu bakaangua kicheko. Yolande akakaribia telefone.

— Papa Mubanga, shikamoo, ni Yolande, mudogo ya Lévi. Siku ile komite ilipatana sheria, balikaa wapi?

— Hapa hapa, mu baraza yangu. Balikula sufuria mupaka wakakwangua. Ba Jairos alikaa pa kiti yangu mimi mwenyewe, akasema: andika, tangu kwa Mubanga. Nikasema muzuri, hata miye niko mu sheria.

— Natotela, papa, asante, Yolande alisema, ba Jairos akakata simu haraka.

Kila mutu anangojea uso wa ba Jairos itageuka namna gani. Aliangalia nguzo pa matete wakati murefu.

— Pale njo nilijifunza kuogelea, alisema, na sauti yake ilishuka. Baba yake Mubanga alikuwa anatukimbiza na kasia. Hata Mubanga ahame mara kumi, pale ni kwa Mubanga. Hakuna mutu ya hapa atakuambia ingine.

— Na miye, ba chairman? Lévi alisema, na yeye pia aliisha kuacha kelele. Miye nilifika, nikauliza: Mubanga iko wapi? Bakanionyesha kilimani. Nilipashwa kujua baba yake?

Ba Jairos alisugua uso yake na mikono yote mbili. Mutu anaona alikuwa anachoka. Komite haimulipe kitu, na siku zote anatukaniwa pande mbili za ziwa.

— Mupe nyavu yake, alimuambia Goodson.

— Ba chairman, nilisha kuitia petroli!

— Ninasema mupe! Sitachoma nyavu ya mutu juu ya mustari ile mutu anasoma kule na mwengine anasoma huku. Lakini sikia, Lévi, na weye binti, sikieni bote. Mpale inazalia pa matete. Haijue Mubanga iko wapi, haijali. Kutoka leo, ni kutoka pa nguzo zile mbili mupaka ku kamuto. Nguzo! Hazihamake. Yolande, andika.

— Ba chairman, pale njo fasi yangu ya samaki! Lévi alisema.

— Ilikuwa.

Yolande aliandika. «Tangu pa nguzo mbili za mu maji.» Goodson akauliza: na kama maji inashuka, nguzo zikiwa mu inchi kavu? Mutu akasema: andika nguzo za matete. Mwengine: matete inaota kila fasi! Mama moja akasema waandike pa kanisa. Kanisa gani, ziko tatu! Kila mutu akaleta neno yake, Yolande anafuta, anaandika, anafuta, mupaka akasimama akabapa telefone: mutafute wenyewe, mukipata munipe. Bakabaki pale banabishana juu ya nguzo, ba Jairos katikati, anapiga kelele kuliko bote.

Lévi alikuwa alisha kukokota nyavu juu, mbali na maji, chini ya kibanda ya kuanikia. Kuisafisha mu ziwa ilikuwa hatari. Petroli mu maji ya samaki, ba Jairos angerudi na sheria ingine. Akaomba beseni kwa bamama, akaomba sabuni ya mawe, akaanza kufikicha kipande kwa kipande. Yolande akamufuata, akakaa upande ule mwengine, akashika uzi. Harufu ilikuwa inaingia mupaka mu meno.

Balifikicha. Maji ikageuka rangi, bakamwaga, bakaweka ingine. Lévi akanusa kipande ile ya kwanza, ile balifikicha zaidi, akakunja uso.

— Samaki itanusa hii mupaka kule mbali Puta, alisema. Wiki nzima hakuna hata moja itakaribia.

— Najua.

— Na fasi yangu ilienda.

— Najua, yaya.

Akafikicha tena kidogo.

— Ile kode yako, alisema, inaweza kutoa petroli?

Yolande akamutupia sabuni. Ikamupiga pa kifua, ikaanguka mu muchanga, sasa ikajaa muchanga yote, na ilikuwa sabuni moja tu. Lévi akaitazama pale chini. Kisha akaiokota, akaipangusa mu suruali, akamurudishia.

— Fikicha kule kwa maboya, alisema. Kule njo ilikunywa petroli sana.